Masika ya Maswali Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimehamishwa leo. Baada ya kuchoma sindano tangu nikiwa kijana mwenye nywele, nimepelekwa chumba cha mwisho wa ukumbi, kile kilichokuwa stoo ya mashuka. Sasa kina meza, viti viwili na harufu ya mashuka. Daktari mpya wa afya ya akili, binti wa rika la mwanangu wa kwanza, alitaka apewe muuguzi mmoja wa kumfundisha kupima sonona, ile huzuni inayokaa mwilini mpaka inakuwa ugonjwa. Wenzangu wakaangaliana, kisha wakaniangalia. Daktari ameniagiza niandike ninachojifunza mpaka mvua ziishe, kwa maneno yangu mwenyewe. Nimemwonya kuwa maneno yangu mwenyewe ni mengi.

Jumatano, 5 Machi

Kipimo chenyewe hakina bomba wala pamba. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo, moyo mzito, usingizi, uchovu, chakula, kujiona hufai kitu, akili kutotulia, mwili kuzubaa au kuhangaika, na la mwisho, mawazo kwamba afadhali ungekufa au ujidhuru. Mtu akijibu "hata kidogo" ni sifuri. "Siku kadhaa" ni moja, "zaidi ya nusu ya siku hizo" ni mbili, "karibu kila siku" ni tatu. Unajumlisha. Chini ya tano, shwari. Kumi kwenda juu, mpeleke kwa Daktari. Ishirini kwenda juu, mpeleke mbio. Nikamwambia Daktari hesabu hii naiweza nikiwa nimelala. Akatabasamu kama mtu anayemwona mwenzake amevaa shati ndani nje na hajui aseme au anyamaze.

Ijumaa, 7 Machi

Wagonjwa sita. Wote sifuri. Kumbe mji wetu una raha hivi.

Jumatatu, 10 Machi

Sifuri, sifuri, moja, sifuri. Mama mmoja aliingia macho mekundu, leso imelowa. Nikamuuliza kama moyo ni mzito, akasema hata kidogo, ashukuriwe Mungu, huku ameukazia macho mkono wangu wa kulia. Alipotoka, Daktari akaniuliza kwa nini kila mgonjwa anautazama mkono huo.

Ikabidi niseme. Mji mzima unaniita Bwana Sindano. Wapo watu wazima wenye ndevu na vyeo ambao mpaka leo wakiniona wanavuka barabara. Wanaamini maswali haya ni utangulizi tu, na atakayejibu vibaya ataambiwa alale kifudifudi.

Daktari alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanionyesha kosa la pili, ambalo halikumchekesha. Mimi huanza kwa kusema hujambo, na mtu hujibu sijambo, maana hata aliyevunjika mguu hujibu sijambo kwanza ndipo aonyeshe mguu.

"Mzee wangu," akasema, "mtu ameshakwambia hajambo. Unataka ajikane mbele yako?"

Kuanzia leo nafungua droo zote waone ni tupu, naweka mikono mezani, na salamu tunamalizana nayo nje ukumbini.

Jumatano, 12 Machi

Mtu amepata kumi na nne. Nilibakiza kidogo nimpe mkono wa pongezi.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimejizoeza nyumbani. Daktari hakunituma. Baada ya chakula cha mchana, mezani, mbele ya wote, nikatoa karatasi.

Mke wangu alikataa, akasema ameolewa na mimi, majibu nayajua. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, aliketi sawasawa kama anayepigwa picha. Kumuuliza mama mkwe wako kama analala vizuri ni kazi inayotaka adabu nyingi. Niliuliza nikitazama sahani. Hakunipa nafasi ya kumaliza sentensi. Usingizi: kila siku, mwanangu, tena andika na za mchana. Uchovu: kila siku. Chakula: kila siku, alisema, akiongeza mchuzi. Jumla ishirini na tatu. Akatuzungushia macho wote, kana kwamba sasa tumeona alivyokuwa akituvumilia.

Kisha shemeji. Huyu ni mdogo wa mke wangu, kinyozi, ana saluni ya kiti kimoja karibu na soko na chumba chake kiko nyuma ya saluni, anaishi peke yake. Tangu nimwoe dada yake hajawahi kuniheshimu hata siku moja. Mama yake akiwa mbali huniita Mzee wa Matako, kwa sababu ya kazi yangu. Kila swali alilijibu kwa mzaha. Hamu ya mambo? Ya mambo anayo, ya wateja ndiyo hana. Kujiona hafai? Hiyo dada yake humwambia bure, bila karatasi. Nikafika la mwisho, kuhusu kufa.

"Hilo? Siku kadhaa," akasema. "Hasa mteja akiniletea mapacha."

Tukacheka, mimi zaidi ya wote, mpaka machozi. Nikaandika moja. Jumla nne. Nikamtangazia kuwa yeye ni buheri wa afya. Mama mkwe akanong'ona kwamba wa nne amepewa kiti chenye mto, na wa ishirini na tatu amekalia mbao.

Jumatatu, 17 Machi

Nilimkimbilia Daktari na ile ishirini na tatu, na jioni akaja nyumbani. Alimuuliza mama mkwe kila jibu lilikotoka, taratibu, moja baada ya jingine. Usingizi ni goti. Uchovu ni goti. Kutotulia ni goti. Pointi nyingi zilikuwa za goti la kulia, na zilizobaki ni desturi yake ya kutotaka mgeni aondoke bila kujua kwamba anateseka. Anapenda redio yake, anapenda kusengenya, anasubiri kesho. Daktari amempa barua ya kwenda kwa daktari wa mifupa. Njiani akaniambia namba kubwa haisemi kuna nini, inasema tu uliza.

Mama mkwe hakufurahi. Anasema binti yule amempunguzia.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Bati la chumba changu linapigwa mpaka namuuliza mgonjwa kuhusu usingizi, ananijibu kuhusu ushirikina.

Jumamosi, 22 Machi

Nimenyolewa ndevu leo. Shemeji hakutukana hata kidogo. Upara wangu, ambao kwa kawaida huulizia kama nimeukodisha, aliupita kimya kama mtu anayepita mbele ya msikiti. Ndevu zake mwenyewe zimekuwa kichaka. Nikamwambia kinyozi hajinyoi, akasema ndiyo, shem. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba ndugu yake hatimaye amepata utu uzima.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Hakuna aliyekuja ila fundi wa bati.

Jumamosi, 29 Machi

Jirani wa nyumba ya pili anatembea na kichwa nusu. Upande wa kushoto umenyolewa, wa kulia ni msitu. Anasema shemeji alisimama katikati ya kazi, akasema mkono umechoka, njoo kesho. Kesho yake mlango ulikuwa umefungwa. Tumemcheka jirani sana.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika mambo ya leo kwa mpangilio yalivyokuja, maana yakichanganyika nitajionea huruma.

Asubuhi Daktari alitufundisha, mimi na wauguzi wawili wa wodi. Alisema swali la tisa haliingizwi kwenye jumla na wenzake kama maharage kwenye kopo. Unalijumlisha, sawa, lakini kwanza unalisoma peke yake. Mtu akijibu chochote kisichokuwa "hata kidogo", weka kalamu chini, mwangalie, muulize. Anaweza kupata ishirini na la tisa likawa sifuri. Anaweza kupata nne, na moja kati ya hizo nne ikawa pale.

Nne. Jumla ya shemeji.

Nikamuuliza, na kama mtu amejibu kwa mzaha je? Akaniuliza mimi huwa nayasemaje mambo mazito. Nikakumbuka kwamba mimi hata posa niliipeleka kwa mzaha, na baba mkwe, Mungu amrehemu, alitaka kunifukuza.

Wenzangu walipotoka nikamweleza yote: meza, mapacha, kicheko changu, ndevu, kichwa nusu. Alisikiliza bila kunilaumu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Akasema niende saa hiyo hiyo, niulize waziwazi, na nisiogope kwamba kuuliza kunampandikizia mtu wazo. Wazo kama lipo lilikuwepo kabla yangu. Akauliza anaishi na nani. Peke yake. Akauliza anafanya kazi gani.

"Kinyozi," nikasema, na nilipolisikia neno lenyewe likitoka kinywani mwangu nilikuwa nimeshasimama.

Alisema yeye hatatoka hapo mpaka nirudi na mtu.

Saluni ilikuwa wazi. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, amekizungusha kikatazama ukuta badala ya kioo. Niliandaa hotuba njiani, hotuba nzuri, ina utangulizi. Nikaanza. Akaniinukia, akaniambia kaa, ndevu zako zinatia aibu ukoo, na kabla sijafika kwenye kiini cha hotuba nilikuwa nimefungwa kitambaa shingoni na kupakwa povu mpaka chini ya pua. Akafungua wembe.

Nikaona nikingoja nitatoka hapo nimenyolewa na sijauliza. Nikasema kupitia povu, "Shem, lile swali la mwisho. Hukuwa unatania."

Wembe ulikuwa chini ya taya. Ukasimama.

"Mbona umechelewa hivyo?" akasema.

Nikafungua mdomo. Akaniambia ninyamaze, atanikata. Basi nikanyamaza, pengine kwa mara ya kwanza tangu anijue, na yeye, wembe ukipanda na kushuka polepole, akaongea.

Alisema ilianza kabla ya mvua. Anaamka kabla ya alfajiri na halali tena. Wateja wakicheka naye anacheka, lakini kicheko chake anakisikia kama redio ya chumba cha jirani. Hakuna kilichompata, na hicho ndicho kinachomtia aibu. Hajafiwa, hajaachwa, haumwi. Angekuwa amefiwa, alisema, angejua pa kushika. Ile Jumapili alikuja kwetu akiwa ameamua kumwambia mtu mmoja, yeyote, nami nikatoa karatasi mbele ya mama yake. Akaisema kwa njia aliyoiweza. Akaona tunacheka. Akaona ndiyo basi.

Sikuweza kutikisa kichwa. Nilijibu kwa macho, na macho yenyewe yalikuwa yamejaa sabuni, au niseme hivyo.

Aliponipangusa nikamuuliza waziwazi kama Daktari alivyonifundisha: unafikiria kujiua? Akasema mawazo huja. Si leo, leo yapo mbali. Lakini jioni, akisafisha nyembe, huwa anazitazama muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.

Nikamwomba twende kwa Daktari sasa hivi.

"Atanichoma?"

"Yeye hachomi. Na mimi wameninyang'anya sindano."

Kona moja ya mdomo ikacheka kidogo. Nikamwomba na nyembe nizichukue, aendelee na mashine ya kunyolea tu. Alinitazama, akauliza nitanyoa nini nazo na sina kitu kichwani, lakini alizikusanya mwenyewe zote, akazifunga kwenye taulo, akanipa. Akafunga mlango wa saluni. Tukatembea kwenye mvua, mwavuli mmoja, yeye akilalamika kwamba naelekeza wote upande wangu.

Daktari alizungumza naye peke yake kwa muda mrefu. Aliulizwa maswali yale yale tisa. Kumi na nane.

Nilishtuka. Kutoka nne mpaka kumi na nane katika kipande hiki cha masika, si anazama? Daktari akasema hajapanda wala kuzama. "Siku ile alikutania. Leo amekujibu. Mimi naona kumi na nane ndiyo habari njema ya kwanza."

Ameanza dawa. Atarudi kila Ijumaa kuanzia wiki ijayo. Kwa sasa asilale peke yake, atalala kwetu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mke wangu hakunisemesha mpaka chai ilipopoa. Kisha akasema, "Ulicheka."

Nikamwambia na yeye alicheka.

"Mimi sikusomea," akasema.

Jibu la neno hilo nimelitafuta siku nzima.

Jumamosi, 5 Aprili

Nyembe nilizificha kabatini nyuma ya sahani za wageni, mahali ambapo nilidhani hapafikiwi. Mama mkwe alizikuta asubuhi hii akitafuta sahani ya kumtunzia mwanawe chakula. Akauliza kama nimeachishwa kazi na sasa nataka ukinyozi. Nilipomsimulia Daktari kama kichekesho, hakucheka. Akaniuliza, mtu analala kwako, na nyembe ziko kwako? Sasa zimo kwenye kabati la dawa hospitalini, zimefungwa kwa ufunguo, juu yake nimeandika "Mali ya mtu".

Jioni shemeji alimwambia mama yake mwenyewe, mezani. Sisi hatukumtuma.

"Mama, mimi mgonjwa. Nimepimwa, nimepata kumi na nane."

"Mimi ishirini na tatu," akasema mama mkwe, papo hapo, kwa mazoea.

Kisha akaweka kijiko chini. Akainuka na goti lake, akazunguka meza yote, akakaa karibu na mwanawe, kwenye mbao, akamshika sikio kama anavyoshikwa mtoto mdogo. Hakusema kitu, na kwa mama mkwe hiyo ni sawa na hotuba ya siku tatu. Usiku huu kitanda cha shemeji kimehamishiwa upande wa pili wa ukuta wa chumba cha mama yake. Amemwambia akikosa usingizi agonge.

Ijumaa, 11 Aprili

Kumi na tisa. Nilifika kwa Daktari nikihema. Akasema dawa hazifanyi kazi kama sindano zangu, zinataka majuma kadhaa, na kumi na nane na kumi na tisa ni mtu yule yule, ila leo ameamka vibaya. Akaniambia ninywe maji.

Ijumaa, 18 Aprili

Kumi na sita. Nyumbani sasa Ijumaa ni kama siku ya matokeo ya mtihani. Mama mkwe hukaa kibarazani kuanzia saa nane. Amepata ngapi? Mke wangu hupiga simu kazini. Amepata ngapi? Mimi huinua vidole nikiwa bado getini.

Jumapili, 20 Aprili

Shemeji amenivuta pembeni. Ameniambia Ijumaa ijayo akikuta nyuso zile kibarazani atampa Daktari namba ndogo, apate kutufurahisha. Alishatufurahisha mara moja, akasema, na tuliona ilivyokuwa.

Nimepitisha amri: hakuna kuuliza namba. Mama mkwe ameuliza kama anaruhusiwa kuuliza amekula nini. Anaruhusiwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Sikuuliza. Nimeumwa na kichwa.

Jumatatu, 5 Mei

Amefungua saluni, asubuhi tu, kwa mashine. Mteja wa kwanza alikuwa jirani wa kichwa nusu. Alikuwa amenyolewa kwingine juzijuzi na nywele hazijaota vya kutosha, lakini alikaa kitini, akanyolewa hewa, akashukuru. Tulimcheka sana mtu huyu. Kumbe tuna jirani.

Ijumaa, 9 Mei

Leo shemeji amenipita sokoni akaniambia, mbele ya watu, kwamba upara wangu ukioshwa na mvua hii utaota uyoga. Nilisimama kwenye matope nikitabasamu mpaka muuza nyanya akaniuliza kama najisikia vizuri.

Jumanne, 13 Mei

Yule mama wa leso amerudi. Nilimpokea nje, salamu zikaisha, tukaingia. Amepata kumi na saba. Nimeweka kalamu chini kwenye la tisa, nikamwangalia. Sifuri, na safari hii hakuutazama mkono. Nimempeleka kwa Daktari.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua haijanyesha juma zima. Mchana niliona kadi ya majibu ya shemeji kwenye meza ya Daktari, na juu yake, kwa wino mwekundu: saba.

Sikungoja. Nikafungua kabati la dawa, nikachukua taulo na vilivyomo, nikatembea mwendo wa mtu mwenye uzito wangu anayedhani hatazamwi. Nilimkuta anamalizia shingo ya mteja kwa mashine. Ndevu zake amezipunguza. Kiti kimegeukia kioo. Nikaweka taulo kwenye meza yake, nikasema saba, kama mtu aliyezipata mwenyewe.

Alimaliza shingo, akampangusa mteja, akamsindikiza mpaka mlangoni. Ndipo akaligeukia taulo. Hakuligusa.

Akaniambia ni kweli. Usingizi umerudi, chakula anakula mpaka mama anaficha sahani, mkono hauchoki. Namba imeshuka na amefurahi. Kisha akauliza kama nimesoma kadi au nimesoma jumla.

Nilikuwa nimesoma jumla.

"La tisa bado lina moja," akasema. "Dogo, linapita haraka, na likipita namwambia Daktari. Lakini lipo. Hizi kaa nazo, shem. Siku nikizitaka nitazifuata mwenyewe, kwa miguu yangu."

Nikasema sawa. Nikalichukua taulo. Nilitaka kusema jambo la maana, nikakuta nimesema kwamba basi ndevu zangu zitakuwa ndefu. Akasema zikae tu, zinapunguza kuonekana kwa uso.

Nimezirudisha kabatini, nikafunga. Daktari alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Kadi ilikuwa mezani kwake na alishajua nilikokwenda. Nikamwambia kipimo kinasema saba, na mwenyewe anasema bado.

Akaniuliza nitaandika lipi.

Nimeandika yote mawili.